Msingaji Aliyeogopa Nyuki

Jirani yangu hakuogopa kitu Rusimbi nzima isipokuwa nyuki. Mbwa wa watu aliwafukuza kwa kandambili. Vijana wa bodaboda waliopita kwa kasi mbele ya mlango wake aliwasimamisha katikati ya barabara na kuwauliza mama zao wanaitwa nani. Lakini nyuki mmoja tu akiingia barazani kwake, mwanamke yule mwenye mwili wake alikusanya gauni na kukimbilia saluni kwangu, akatufungia mlango mimi na wateja wangu, na hakutoka hadi ahakikishiwe kwamba mgeni ameondoka. Na kazi yake ilikuwa asali. Kwa asali alisomesha watoto, na kwa asali aliezeka nyumba.

Alikuwa msingaji. Harusi ikikaribia familia ilimwita, naye akajifungia na bi harusi chumbani wiki nzima, kila siku akimpaka singo na kumsugua kuanzia shingoni hadi nyayo, mpaka ngozi iwe laini. Kila msingaji ana singo yake. Wengine wanategemea liwa, wengine manjano na maji ya waridi. Yake ilikuwa unga wa mchele alioutwanga mwenyewe, mise kidogo, yaani yale mafuta ya kokwa za mchikichi ambayo sisi Kigoma tunapakwa tangu utotoni, na asali mbichi kutoka misitu ya Uvinza. Usoni hakuweka unga wala mise. Usoni ilikuwa asali peke yake, aliyoipasha joto kwa kuishika kiganjani. Ukimwambia aibandike jikoni ipate moto upesi, alikutazama kama umetukana.

Ukuta wetu ulikuwa mmoja. Mimi ni Muha, Mkatoliki wa Kasulu, yeye Mwislamu asiyekosa swala, na siku ile ile nilipohamia aliniamulia kwamba mimi ni mjukuu wake. Kwa hiyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, nikawa mke mwenzake. "Mke mwenzangu," aliniita asubuhi kupitia ukutani, "mume wetu kalala wapi?" Mume wangu alikuwa anacheka mpaka chai inampalia.

Kazi yangu aliidharau kwa upendo. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasoma maandishi ya kila kopo la losheni nililokuwa nalo, kisha akauliza, "Hiki kinaliwa?" Nikisema hakiliwi, alikirudisha mahali pake. Hakikuwa kigezo cha kitaalamu, na nilimwambia hivyo. Sabuni nayo hailiwi, na yeye anaogea. Alinijibu kwamba sabuni haikai usoni ikamsubiri mtu amalize mazungumzo.

Nilijifunza kwake kwamba kupaka asali ni kazi ya mikono mepesi. Siku moja alinikuta namsugua mteja uso kwa nguvu, nikitaka atoke ameng'aa. Akanishika kifundo cha mkono. "Unasugua sufuria?" aliniuliza. "Huyu ana mama yake." Tangu hapo siwezi kugusa uso wa mtu bila kumfikiria mama wa mwenye uso.

Asali yake aliletewa na mzee mmoja mrina asali, mtu mrefu, mkimya, aliyefiwa na mkewe zamani. Alikuja na madumu yake kwa basi, anateremka, anakuja moja kwa moja, na kabla hajaweka mzigo chini ananisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha anaingia kwa msingaji kama mtu anayeingia kwenye mtihani. Na kweli ulikuwa mtihani. Wanunuzi wengine wanajaribu asali kwa njiti ya kiberiti au kwa kuidondosha mchangani. Msingaji aliijaribu kwenye ngozi ya muuzaji mwenyewe.

"Nyoosha mkono."

"Bibi, si unanijua miaka yote hii?"

"Wewe nakujua. Asali ya leo siijui."

Anampaka kuanzia kifundo hadi kiwiko. Kisha wanakunywa chai, mzee akiwa ameshika kikombe kwa mkono mmoja na ule mwingine ameuweka mezani kama si wake. Chai ikiisha, anamwosha kwa maji ya vuguvugu na kupitisha kidole gumba juu ya ngozi. Asali iliyotiwa sukari ya kuchemsha, alisema, ukiiosha inaacha ngozi inakaza na kunata. Ya kweli inakwenda na maji na ngozi inabaki imelegea. Chai ile hapo mwanzo ilikuwa ya kikombe kimoja. Baadaye ikawa ya birika, na baadaye zaidi ikawa na sambusa.

Mzee alikuwa na tabia ya kujisemea kwa Kiha akitoka, akisahau kwamba jirani ni Muha mwenzake. Mwanzoni alinung'unika kwamba mwanamke huyu atammaliza ngozi kwa ajili ya dumu la ubhuki, ndiyo asali kwa lugha yetu. Siku moja, akipita mlangoni kwangu akiutazama mkono wake, nilimsikia akisema kwamba leo akifika nyumbani hauoshi tena. Sikumtafsiria mtu. Niliendelea kusuka nywele za mteja wangu, lakini moyoni nilifurahi kama nimepokea posa mimi.

Kulikuwa na sheria moja kwake ambayo ilisumbua watu kuliko zote. Asali ikishapakwa usoni, mdomo unafungwa. Ukiongea, mashavu yanacheza na asali inachuruzika shingoni, kazi inaharibika. Yeye msingaji, ambaye hakupakwa, aliruhusiwa kuongea, na alitumia ruhusa hiyo yote. Aliwaambia mabibi harusi mambo ambayo mama zao waliyaonea haya. Aliwaambia pia mama zao.

Mama mkwe wangu aliyaonja hayo. Alikuja kutoka Kagunga kwa boti akiwa na malalamiko yake dhidi yangu yaliyopangwa vizuri: napika ugali mwepesi, nachelewa kufunga saluni, mwanawe amekonda. Msingaji alimpokea, akamsifia ngozi, akamlaza mkekani, akampaka asali uso mzima. Halafu akaketi kando yake na kuanza. "Mkwe wangu, mwanao hajakonda. Alipokuwa kwako alikuwa amevimba." Mama mkwe alitoa macho. "Usiongee, itamwagika." Alimweleza ninavyoamka, ninavyowahi sokoni, ninavyomuuguza yule mwanawe akishikwa na malaria. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimeuma kanga nisicheke. Mama mkwe alipooshwa alijipapasa shavu, akasema, "Kumbe hii kitu inalainisha kweli." Safari yake iliyofuata hata kwangu hakuanzia. Alianzia kwa msingaji.

Msinielewe vibaya, hakuwa mganga na hakupenda kuitwa hivyo. Siku moja alikuja binti wa kidato cha juu, mashavu yamebabuka kwa mkorogo alioununua mjini, yamekuwa mekundu na yanatoa maji. Mama yake alitaka asingwe hapo hapo, akisema asali ni dawa, imeandikwa. Msingaji alifunika bakuli. "Asali yangu ni ya ngozi nzima," alisema. "Huyu anaungua." Akavaa baibui, akasimamisha bajaji, akampeleka binti hospitali mwenyewe na kukaa naye kwenye benchi mpaka akaonwa. Binti aliporudi amepona, msingaji alimpaka bila malipo, ila alimfungia mdomo kwa asali na kumpa hotuba ndefu kuliko ile ya mama mkwe wangu.

Uso wake mwenyewe aliuosha kwa sabuni ya mche. Ile ile ya kufulia. Nilipomuuliza kwa nini mtu mwenye madumu ya asali anajisugua kwa sabuni ya mashuka, alisema, "Anisinge nani, mke mwenzangu? Msingaji si ni mimi?" Nilijitolea. Akaniambia mikono yangu bado ni ya sufuria.

Sheria yake nyingine ilikuwa kali na mimi sikuwahi kuipenda: mwanamke anasingwa mara moja tu maishani. Mwanamke aliyeachika au mjane akiolewa tena, hamsingi, na yeye mwenyewe alikuwa mjane. Muuza samaki mmoja wa Katonga, rafiki yetu sote, alipata mume wa pili baada ya taabu nyingi na akaja akicheka, kashika migebuka minono, anaomba apangiwe wiki yake. Msingaji alipokea migebuka na kukataa kazi. "Wewe yako ulishaipata. Safari hii oga, uende." Muuza samaki aliondoka amenuna, na kwa muda mrefu kikapu chake kilipita mlangoni kwetu bila kusimama. Nilimwambia msingaji kwamba amemkosea. Akasema singo ni ya mwari, ukiigawa ovyo inakuwa losheni.

Basi. Mwaka jana, msimu wa asali ya mwisho, mzee mrina asali alikuja bila dumu. Alikuwa amevaa kanzu, ameongozana na shekhe wa mtaa na mtu wa kwao. Nilifunga saluni mapema, kwa kuwa nisingeweza kukata nywele za mtu salama katika hali ile. Walipoondoka, msingaji aliniita ukutani, na kwa mara ya kwanza hakuniita mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu. Nikajua amekubali posa.

Watoto wake waligawanyika. Mabinti walifurahi. Mwanawe mkubwa, mtumishi wa serikali Tabora, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, na msingaji akaniwekea ili nimsikie. Alisema ndoa hawezi kuizuia, dini inaruhusu, ila ifungwe kimya kimya, watu wawili mashahidi, biashara iishe.

"Kimya kimya," msingaji alirudia. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. "Mimi nataka singo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamkumbusha sheria yake.

"Mara moja," alisema. "Sheria ni mara moja. Mimi hiyo mara moja sijaipata."

Ndipo akanieleza. Wiki ya harusi yake ya kwanza baba yake alifariki. Marehemu alikuwa ametaka ndoa isiahirishwe, kwa hiyo walimtoa bi harusi kwenye jamvi la msiba, bila ngoma, bila singo, na kanga ya kulilia. Asali iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili yake, waombolezaji waliinywea chai. Aliingia kwa mume na ngozi yake ya kawaida na macho yaliyovimba. Mume alikuwa mwema, hakumlalamikia hata kidogo. Lakini kila bi harusi aliyemsinga baadaye, alisema, alipofika miguuni alijiuliza inakuwaje mtu akikugusa hivi ukiwa umelala tu, huna kazi, na watu wanaimba kwa ajili yako.

Huyu mwanamke amewapaka wanawake wa Rusimbi, wa Mwanga, wa Ujiji yote, na hakuna aliyewahi kumpaka.

Mwanawe alipopata habari kwamba kutakuwa na singo na ngoma, hakutuma tena ujumbe. Alipanda treni. Alifika asubuhi ya siku ya mwisho ya singo, mtu mzima mwenye kitambi na begi la ofisini. Alinikuta nafungua saluni ili kina mama wapate mahali pa kuweka mabegi yao.

"Shikamoo, dada," alinisalimia, ingawa nadhani tunalingana. "Mama yuko ndani?"

"Yuko ndani, lakini leo mwanaume haingii. Yuko kwenye singo."

"Nimekuja kumchukua. Akapumzike Tabora." Akatazama chini. "Dada, bibi wa wajukuu saba anapakwa asali kama kigoli. Kazini kwangu watu wa Kigoma wapo. Wataniuliza."

Nilimwambia wakimuuliza awaambie mama yake anaolewa. Hakucheka. Akakaa kwenye benchi langu la nje, begi magotini, na hapo nikamwacha, kwa sababu ndani nilikuwa nasubiriwa.

Nilikuwa nasinga mimi. Msingaji alinifundisha wiki ile yote juu ya mwili wake mwenyewe, akinikaripia kwa kila kosa, na kufikia siku ya mwisho alikuwa amebakiza kunikaripia kwa macho tu. Chumbani palikuwa na wanawake wamejaa. Mabinti zake, majirani, mabibi harusi wake wa zamani ambao sasa wana watoto mgongoni. Muuza samaki wa Katonga alikuwapo pia. Alikuwa amekuja siku ya kwanza kabisa, amesimama mlangoni na mikono kiunoni, akitaka kujua sheria imekwenda wapi. Alipoelezwa habari ya msiba na ile chai, aliketi chini, akavua pete zake na kuuliza mchele wa kutwanga uko wapi.

Nilimpaka mabega, mgongo, mapaja, nyayo zilizopasuka. Nilipofika nyayo niliona vidole vyake vinajikunja na kujinyoosha. Wanawake waliimba nyimbo za kumtania bwana harusi, kwamba amezoea mizinga na ataingia ndani na moshi. Msingaji alikuwa amefumba macho, asali usoni, na alikuwa anatabasamu licha ya yote aliyowahi kutukataza.

Kisha tukakwama kwenye jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku ya mwisho bi harusi anasuuzwa, na kwa desturi aliyoishikilia msingaji kwa kila familia, maji hayo hayachotwi na msingaji wala na jirani. Yanaletwa hadi mlangoni na mtu wa kiume wa damu ya bi harusi, baba, kaka au mjomba. Ndiyo njia ya watu wake kusema kwamba tunamtoa kwa hiari yetu. Nimewahi kuona harusi ya watu wakubwa ikisimama saa nzima kwa sababu kaka mtu ameenda kunyoa, na msingaji amekataa kabisa ndoo ya mtu mwingine.

Baba yake alishafariki. Kaka hakuwa naye. Wajomba walishazikwa zamani, huko ng'ambo ya ziwa. Ngoma ilinyamaza. Binti yake mdogo alisema achote yeye, muuza samaki akasema mwanamke hayaleti, binti akaanza kulia. Msingaji alifumbua macho akanitazama. Akainua mkono na kuupunga kidogo, kama mtu anayesema acheni, chochote tu, niosheni yaishe. Nililiona lile na liliniuma. Alikuwa amefika mwisho kabisa wa kitu alichokitamani maisha yake yote, na pale mwisho alikuwa tayari kukubali pungufu.

Nikasimama nitoke. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, labda kumwambia yule mtu wa benchi maneno makali. Sikufika mlangoni.

"Hodi," ilisema sauti ya kiume.

Nyumba ya singo haipigwi hodi na mwanaume.

"Hodi humu ndani. Nimeleta maji ya bi harusi."

Nilifungua mlango kidogo. Alikuwa mwanawe, aliyekua akiiona desturi hiyo, amesimama na ndoo yangu ya saluni, ile ya kuoshea nywele, mikono ya shati ameikunja, kiatu kimoja kimelowa. Uso ameugeuzia ukutani asione ndani. Nyuma yake, kwenye kibaraza, jiko langu la mkaa lilikuwa linawaka na sufuria juu yake. Jasho lilikuwa linamtoka kwa aibu, lakini ndoo ameishika vizuri, kwa mikono miwili.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka ziwani. Mimi nililia, nasema wazi. Muuza samaki alilia. Dada yake alikuwa analia tangu mwanzo, kwa hiyo aliendelea tu. Msingaji alijiinua kwa viwiko, asali ikaanza kumchuruzika kidevuni, na hakujali.

"Ya moto au ya baridi?" aliuliza kwa sauti.

"Vuguvugu, Mama."

"Yaweke hapo mlangoni," alisema. "Na usiende mbali. Ndoo moja hainitoshi."